Nimepewa Usukani Nifiche Jiko la Mama Mdogo

Anti Adela, shikamoo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi, nalo ni kwamba nina miaka kumi na sita na ninapenda makabati. Wenzangu wa kidato cha tatu wanapenda watu, wanaandikiana, wanagombana, wanarudiana kabla ya kipindi cha Jiografia, na mimi nawasikiliza huku natikisa kichwa kama mtu mwenye uzoefu, lakini moyo wangu uko kwenye masijala ya hospitali moja hapa Songea, sitaitaja, kwenye makabati ya chuma yanayotembea juu ya reli, yale ambayo kila moja lina usukani ubavuni kama wa lori, ukiuzungusha kabati zima lililojaa majalada ya wagonjwa linasogea polepole na kichochoro kinafunguka mbele yako, na hiki kikifunguka kile cha jirani kinajifunga, maana yamebanwa pamoja ili yachukue nafasi ndogo. Yako safu mbili, kushoto na kulia, katikati kuna njia ya kwenda mlangoni, na mlango ni mmoja. Nikitoka shule nasubiri mle mpaka Mama mdogo amalize kazi, nakaa chini kwenye kichochoro cha mwisho upande wa kushoto na kitabu changu, na hakuna mtu wa kuniuliza swali, jambo ambalo kwangu ni raha kubwa kwa sababu mtu akiniuliza jina huwa najibu kwa sauti ndogo mpaka anauliza tena, na mara ya pili najibu kwa sauti ndogo zaidi.

Mama mdogo wangu, nimwite Mwamvua, ndiye mtunza majalada, na ndiye ninayeishi naye Ruhuwiko ili nisome, wazazi wangu wako Lusewa wanalima. Ni mtu mzuri sana, Anti, ila anakaanga korosho mle ndani. Analo jiko la umeme la sahani moja, na mwezi huu baridi ya Songea unaijua, kwa hiyo asubuhi ni chai, mchana ni korosho kutoka kwa ndugu zetu wa Tunduru, anazikaanga kwa mafuta na chumvi na kuwauzia wauguzi, na ili king'ora cha moshi kisipige kelele amekivalisha kofia yake ya saluni, ile ya nailoni yenye maua, na hivi ndivyo kilivyo hadi leo, kimekaa darini kama bibi harusi anayesubiri kusukwa. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto upo, umetundikiwa mkoba wake. Na usidhani bosi hajui. Siku moja Bwana Joachim alisimama mlangoni akanusa, akasema, "Mwamvua, kuna nini kinaungua humu?" Mama mdogo akajibu, "Ni majalada ya zamani bosi, karatasi zikikaa sana zinatoa harufu." Bwana Joachim akafikiri kidogo, akasema, "Basi hizo karatasi zikiiva uniletee."

Sasa tatizo. Wiki mbili zilizopita bosi alikuja na wageni kutoka wizarani bila kutoa taarifa, Mama mdogo akasikia viatu, akachomoa jiko likiwa bado jekundu, akalisukumia kwenye shelfu katikati ya majalada, kichochoro cha mwisho upande wa kulia, akazungusha usukani, kabati likajifunga, akasimama mbele yake anatabasamu. Mimi nilikuwa mahali pangu, ng'ambo tu ya njia, nikasikia harufu, na hapa naomba usinihukumu, nilimalizia kwanza sura niliyokuwa nasoma kwa sababu ilikuwa nzuri. Wageni walipoondoka tukafungua. Majalada mawili yalikuwa yameungua kwa duara, mistari ya koili imejichora vizuri kabisa, na moshi mwembamba ulikuwa unatoka katikati ya karatasi bila mwali wowote. Mama mdogo aliyapiga kwa kandambili mpaka yakazima, akayatazama, akasema, "Yamepigwa muhuri tu," akayarudisha shelfu.

Anti, mimi nimesoma kijitabu cha maelekezo ya makabati hayo, nilikikuta bado kiko ndani ya nailoni yake (vitabu vyangu vilikuwa vimeisha), na kinasema karatasi zilizobanwa huungua taratibu kwa ndani ambako hakuna anayeona, na mabomba ya darini yakimwaga maji, maji yanagonga bati la juu la kabati na kumwagika pembeni wakati moto uko chini umejificha, ndiyo maana jioni unatakiwa kuacha nafasi ya kiganja kati ya kabati na kabati, na yametengenezewa hata vizuizi vya mpira vya kushikilia hiyo nafasi. Vizuizi hivyo nimevitafuta. Vinashikilia mlango wa choo. Kabla ya kwenda nyumbani Mama mdogo huyabana makabati yote mpaka yanalia, anasema ndiyo usalama.

Na mwisho wa mwezi watu wa zimamoto wanakuja kukagua. Ofisi nzima inasafisha, maboksi yaliyokuwa sakafuni yamepandishwa juu ya makabati mpaka yamegusa vinyunyizio vya maji, na Mama mdogo ameniita jikoni nyumbani akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye unayeyajua haya makabati kuliko mtu yeyote. Siku hiyo utashika usukani. Afande akitaka kuona hapa, unamfungulia hapa, akitaka pale, unamfungulia pale. Kile cha mwisho chenye jiko kitakuwa kimejifunga chenyewe. Akikitaka, usukani umekwama." Nikamuuliza na kama hautakwama? Akasema, "Utakwama, kwa sababu wewe utasema umekwama."

Nikikataa nitakuwa nimemsaliti mtu anayenilisha. Nikisema, atafukuzwa kazi na wote wawili tutarudi Lusewa, na nitakuwa mtoto aliyemfukuzisha kazi mama yake mdogo. Nikikubali, basi makabati yatabaki na jiko ndani yake, na Mama mdogo atabaki ndani na makabati. Sijui nifanye nini, na kwa kuwa siwezi kuongea nimekuandikia hapa gazetini.

Mimi, Mpenzi wa Makabati, Ruhuwiko.

*

Mpenzi wa Makabati, marahaba.

Umenieleza usukani kwa aya nzima kabla ya kuniambia kuna moto. Siku nyingine anza na moto, mapenzi yatafuata.

Pole, mwanangu. Umepewa kazi ambayo hata mtu mzima angeamka siku hiyo anaumwa tumbo. Lakini lazima nikugombeze. Umesikia harufu ya karatasi inayoungua, uko kwenye chumba chenye mlango mmoja, ukamalizia sura! Hicho kitabu kilikuwa kinaeleza nini, namna ya kufa kwa adabu? Umekaa kichochoro cha mwisho, mbali na mlango, ng'ambo ya jiko, na katika barua yako yote umemhurumia Mama mdogo, umeyahurumia makabati, hukuandika hata mstari mmoja kwamba anayeungua wa kwanza pale ni wewe. Nina wasiwasi hata yeye hajalifikiria hilo. Watu wanaopenda kufanya mambo haraka huwa hawana muda wa kuhesabu nani yuko ndani.

Usukani usiushike. Hilo halina mjadala. Mtu mzima akitaka kudanganya askari, adanganye kwa mikono yake mwenyewe.

Lakini usimsubirie mbele ya wageni. Mwambie mapema, nyumbani, wakati hana sufuria mkononi. Usimwendee na kijitabu, atakuambia kijitabu hakijawahi kulala njaa. Muulize swali moja tu: umeme umekatika, moshi umejaa, unatokea wapi? Na asikujibu kwa mdomo. Nendeni pale siku ya mapumziko, mfunge macho kwa kitambaa, mwambie atembee mpaka mlangoni. Wewe nyamaza. Kunyamaza unakujua, kwa mara ya kwanza kutakusaidia.

Jiko liondoke. Sijasema lifichwe vizuri zaidi. Liondoke. Korosho zikaangwe Ruhuwiko ziletwe zimepoa, sijawahi kusikia muuguzi aliyekataa korosho kwa sababu imepoa. Kofia irudi saluni. Maboksi yashuke. Na yale majalada yaliyoungua ayaseme yeye mwenyewe, kabla hayajaonekana. Anayejisema hupewa barua ya onyo, anayekamatwa ameficha hupewa mlango. Siwezi kukuahidi kwamba kazi itabaki. Ninachoweza kukuambia ni kwamba akiungua mle, kazi haitabaki pia.

Akikataa yote, basi afande akikuuliza, jibu ukweli. Asipokusikia mara ya kwanza, mara ya pili paza sauti.

Na wewe Bwana Joachim, kama ukurasa huu umekufikia ukiwa umefungiwa korosho, ukunjue uusome.

Anti Adela.

*

Anti Adela, shikamoo tena.

Naandika kukueleza nilichofanya. Siku tatu nilishindwa kusema. Siku ya nne tulikuwa tunachambua mboga, nikasema, "Mama mdogo, siku ile usukani sishiki." Akasema, "Nani kakujaza maneno?" Nikasema gazeti. Akacheka, akasema, "Gazeti linajua bei ya mafuta ya kula?" Nikamuuliza lile swali. Akajibu, "Natokea mlangoni, ulitaka nitokee wapi, dirishani kama mwizi?" Nikamwomba anionyeshe.

Jumamosi tulikwenda. Nilimfunga macho kwa kitenge chake ndani ya kichochoro cha mwisho, pale kwenye jiko, nikazima taa, nikanyamaza. Alitoka vizuri akiwa anajisifu, halafu badala ya kukata kona kuelekea mlangoni akaivuka njia moja kwa moja, akaingia kichochoro cha upande wa pili, akagonga ukuta, akageuka, akagonga kabati, akajikwaa na kuanguka kwa magoti, na akasema maneno ya Kiyao ambayo siwezi kukuandikia. Akapapasa chini akashika vitabu.

"Hapa ni wapi?"

"Ndipo ninapokaa."

"Siku zote?"

"Ndiyo."

"Hata ile siku ya wageni ulikuwa hapa hapa?"

"Nilikuwa hapa."

Alivua kitenge. Nilidhani atanipiga. Aliinuka, akavuka njia, akalitoa jiko, akapanda kiti na kuivua ile kofia darini, akaitia mfukoni. Tulishusha maboksi mpaka adhuhuri. Njiani kurudi, kila gari lilipopita alinivuta pembeni kama vile nina miaka minne.

Siku ya ukaguzi alikuja afande mwanamke, Afande Aurelia, mfupi, anayetazama dari kabla ya kusalimia watu. Mama mdogo alizungusha usukani mwenyewe na kukifungua kile cha mwisho. Jiko halikuwemo tena, lakini afande alinusa akasema, "Hapa pananukia korosho." Bwana Joachim akasema yeye hajawahi kusikia harufu yoyote mle ndani. Afande akamtazama akamwambia, "Una chumvi kwenye tai." Halafu akauliza kama kuna kitu chochote kimewahi kuungua. Nilimwangalia Mama mdogo, nikaona mdomo wake unafunguka na kufungwa, nikajua sasa inabidi niseme mimi, na nilikuwa nimeshavuta pumzi, ndipo akasema, "Ndiyo, afande. Ni mimi." Kwa hofu akasahau yale majalada yaliyoungua ameyaweka shelfu gani. Nilionyesha mimi.

Hakufukuzwa. Amepewa barua ya onyo na kuhamishiwa mapokezi, ambako anawauliza wagonjwa majina yao kwa sauti inayosikika hadi mtaa wa Majengo. Bwana Joachim amepewa orodha ndefu ya vitu vya kurekebisha na amekuwa mkali kwa kila mtu. Mama mdogo aliniambia mara moja tu kwamba nimemhamisha. Ni kweli. Usiku aliniwekea nyama nyingi kuliko yake.

Mtunza majalada mpya haruhusu mtu asiye mfanyakazi kuingia, hata kusimama mlangoni. Kwa hiyo Jumatatu baada ya shule nilikwenda maktaba ya mkoa. Mhudumu aliniuliza jina, nikajibu, akaniuliza tena, nikalitaja likasikika. Nilichukua kitabu, nikaangalia mlango wa kutokea uko wapi, nikakaa kwenye kiti kilicho karibu nao, nikaanza kusoma.