Kidole Chako Kwenye Picha ya Ndama

Baba Kabula,

Mwangaluka. Hujambo huko uliko? Mgongo umeacha kukusumbua? Sisi hapa Lalago tu wazima kwa neema ya Bwana. Kabula anakusalimu. Pamba imeshika vizuri.

Nakuandikia kwa ajili ya mdogo wako Masanja. Mungu anisamehe, nimeshatubu mara mbili na dharau haijanitoka. Kaburi lako halijakauka vizuri, mtu akaja na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa zizi, akasema yule ng'ombe mwekundu mwenye doa kwenye paji ni wake. Eti alikuletea kwa kubilisa, umtunzie tu zizini mwako. Huyo ambaye hajawahi kuwabebea ng'ombe hata ndoo moja ya maji! Ulipolala kitandani alikuja mara moja, akala, akaaga.

Nikakumbuka ile simu yako ya vitufe, ambayo Masanja aliita kopo. Mwanamume mwenye simu ya kamera, na anapiga picha za ng'ombe tu! Mimi mkeo hukunipiga hata moja. Na kila picha kidole chako kimeziba kona, kile kilichokatwa ncha na kamba ya fahali. Nilikuwa nakucheka: "Baba Kabula, toa hicho kigutu." Wewe ukajibu, "Acha, kinazuia ng'ombe wasitoroke."

Simu haiwaki tena. Nikaichomoa kadi yake ya kumbukumbu, nikaifunga kwenye leso, nikaenda Bariadi. Mama wa steshenari akaniambia picha hizo ni za aina ya zamani, kompyuta yake haizifungui, ila mtandaoni kuna mahali zinageuzwa kuwa za kisasa. Akazipandisha moja moja, mimi nasali kimoyomoyo. Ya kwanza ng'ombe. Ya pili ng'ombe. Ya saba, Baba Kabula, ni yule mwekundu, ndama bado mbichi, doa lile lile, na anayemlamba ni mama yake, yule wa pembe iliyovunjika ambaye baba yangu alitupatia. Nikalia pale pale dukani, naye akanichapia hiyo ya saba kwenye karatasi.

Masanja alipoonyeshwa karatasi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji akacheka kwa nguvu. "Hizo za mtandaoni ni za kutengeneza! Shemeji kaenda mjini, katengenezewa ndama!" Anasema hivyo huyo ambaye simu yake kubwa imejaa picha zake amekalia pikipiki za watu.

Mwenyekiti akaisogeza karatasi machoni, akagusa kona. "Na hiki kigutu cha kaka yako, nacho wamekitengeneza Bariadi?"

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Masanja akaokota fimbo yake. Hata chai hakunywa, na wewe unajua chai yule hakatai.

Walipoondoka nilibaki na karatasi yangu. Sura yako ninayo kwenye kitambulisho, umekodoa macho kama umefumaniwa. Yule simjui. Hiki kidole ndicho wewe. Na mimi nilikuwa nasema ukitoe.

Nimekibandika ukutani karibu na msalaba. Ng'ombe wako hatoki zizini nikiwa hai, nakuahidi. Masanja nitamwombea tena Jumapili. Kumheshimu, hilo sikuahidi.

Pumzika, mume wangu. Nijibu mapema, hata ndotoni. Na safari hii utoe kidole, nikuone uso.

Mama Kabula