Dada Nekesa, Mumeo Amechukua Shoka Langu

Dada Nekesa,

Mumeo amechukua shoka langu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikosesha raha, na ungekuwa hai ungekuwa wa kwanza kulisikia.

Nakuandikia kwa nukta za breli, kama ulivyozoea kuniona nikitoboa karatasi pale mezani huku ukilalamika kwamba ni kama kuku anayedonoa bati. Siku hizi hakuna anayelalamika. Natoboa nitakavyo, na sifurahii.

Tangu tukuzike Bungoma nimerudi hapa Huruma, Nairobi, kwenye kazi zangu. Watu bado wananiletea viti vilivyolegea, milango isiyofunga, sufuria zilizong'oka mikono. Hayo vidole vyangu vinayaweza bila macho. Shida ni kuni. Mama Achieng' wa supu ya vichwa kule Kiamaiko bado anazitaka kila asubuhi, na unajua ile ilikuwa kazi ya watu wawili. Wewe ulisimamisha gogo, ukaligonga kwa kijiti, ukarudi nyuma, ukasema, "Haya, Wafula." Mimi nikapiga pale sauti ilipotoka. Sikukosa hata siku moja.

Ulipoondoka nilijaribu peke yangu. Shika gogo kwa kushoto, lipime, liachilie, piga. Siku moja shoka likateleza, likachana gambuti langu la mpira mbele ya kidole gumba cha mguu. Damu haikutoka. Nikasimama pale nikicheka kama mwehu, mpaka nikasikia mtu akikohoa mlangoni. Ni Musyoka, mumeo. Akaenda zake.

Kesho yake shoka halikuwepo.

Dada, unajua mimi na shemeji hatukuwa watu wa kuketi pamoja. Yeye na vinyago vyake upande ule wa ua, mimi na misumari yangu upande huu, wewe katikati ukituletea chai. Siku ya mazishi nilisikiliza vilio vyote. Cha shangazi nilikijua, cha majirani nilikijua. Cha Musyoka nilikitafuta sikukipata. Mtu anamzika mkewe kimya hivyo? Nikaliweka moyoni.

Halafu ghafla akawa mwema. "Shemeji, umekula?" "Shemeji, umelalaje?" Mtu tuliyeishi naye ua mmoja miaka yote hiyo hajawahi kuniuliza hali! Paka hamwamkii panya bure. Jioni moja nikamsikia kwenye simu akiongea Kikamba. Kikamba changu ni cha kununulia mboga tu, lakini jina langu nililidaka, na kicheko cha watu wa upande wa pili nikakisikia. Basi nikajijibu mwenyewe: huyu anataka chumba changu. Aninyang'anye shoka, wateja wa kuni wanihame, nirudi Bungoma kwa miguu yangu, naye aseme hakunifukuza.

Nikamwendea.

"Shemeji, shoka langu liko wapi?"

"Ninalo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Ukweli ulinikuta mikono mitupu.

"Basi nipe."

"Sikupi. Aliyekuwa akikusimamishia kuni hayupo."

"Wewe si mama yangu, Musyoka."

"Najua," akasema, na patasi yake ikaendelea kugonga mti.

Nikachukua fimbo yangu nikaenda kwa mafundi wa jua kali, nitafute chombo cha kupasulia kuni kisichohitaji macho wala shemeji. Jamaa mmoja akanipokea kwa furaha nyingi, na furaha nyingi ya muuzaji mimi huiogopa.

"Niaje mzee! Hii ni safe kabisa, hata mtoto anatumia."

Nikaipapasa. Mkono mrefu wa chuma, bawaba, na makali yanayoshuka kama taya. Nikafuata ile njia ya taya kwa kidole, nikakuta linafungia palepale ambapo mtu wa kusimamisha gogo huweka mkono.

"Sawa," nikamwambia. "Funga macho upasue wewe."

"Ah, mzee, mimi naona. Nifunge ya nini?"

"Ndiyo maana nasema ufunge."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, na hakufunga macho. Nikarudi nyumbani.

Siku chache baadaye Musyoka akaniita uani. Nikasikia kitu kizito kikitua chini. "Papasa," akasema. Ilikuwa pete nene ya chuma juu ya miguu mifupi, na ndani yake kabari imesimama, makali yakitazama juu. Unasimamisha gogo ndani ya pete, pete inalishika lisianguke, unapiga kichwa cha gogo kwa nyundo. Makali hayasogei. Kinachosogea ni nyundo, na nyundo haina makali.

Nilitafuta kosa, dada. Nililitafuta kwa hamu. Chini ya kabari, pale ilipochomelewa, ukucha wangu ukazama.

"Hapa pana ufa. Siku moja hii ingeruka na mguu wangu."

Akainama. Kisha akakibeba kile chuma begani, akakirudisha kwa welda aliyekichomelea. Ndiyo maana nasema kushuku si ugonjwa. Ni macho niliyopewa.

Aliporudi, mshono ulikuwa umejaa, laini. Sikuona la kulalamikia, nikamwambia lile nililomwambia muuzaji wa jua kali: "Funga macho upasue wewe."

"Nimefanya hivyo jana na juzi," akasema. "Unadhani ndugu zangu wananicheka nini kwenye simu? Niliwaambia nimejifunga kitambaa cha Nekesa, napasua kuni kama Wafula."

"Jifunge tena."

Nikasikia kitambaa kikivutwa. Lakini mtu anaweza kumdanganya kipofu kwa kitambaa alichokifunga shingoni. Nikamsogelea, nikanyoosha mkono, nikamshika uso. Sijawahi kumshika uso Musyoka. Kitambaa kilikuwa mahali pake, kimebana barabara, kile chako cha kanisani, bado kina harufu ya mafuta yako. Na kilikuwa kimelowa. Jicho hili na hili.

Nikaondoa mkono.

"Umeridhika?" akauliza, sauti yake ileile ya kila siku, kavu.

"Nimeridhika."

Pigo la kwanza likaangukia pete, majirani wakafungua madirisha. La pili likaliingiza gogo kwenye makali. La tatu likalipasua. Nikampokonya nyundo, nikapasua mpaka mgongo ukaniambia basi. Yeye alikuwa akikusanya vipande.

Mama Achieng' anapata kuni zake. Shoka bado analo, sijaliuliza tena. Kila asubuhi napitisha ukucha kwenye mshono kabla sijapiga, naye ananisubiri nimalize, hanuni.

Dada, kuna neno moja zaidi. Wajomba bado wanasema Musyoka alichelewesha kukupeleka hospitali. Wanalisema kwenye simu, na mimi nimekuwa nikiitikia, "Mmh." Juzi ameniuliza, polepole, kama akija Desemba kujengea kaburi lako atapokewa. Nilikuwa nasikiliza kama kuna kitu kingine chini ya lile swali. Hakikuwepo.

Kwa hiyo pumzika, mtoto wa mama. Nakuahidi hivi: Desemba tutakuja naye, na nitakaa kiti cha karibu naye mbele ya wajomba wote. Wakianza maneno yao nitasimama niwaambie: ninyi mlimtazama tu. Mimi nilimshika uso.

Ndugu yako,
Wafula