Uwanja Uliofagiwa

Jumanne, 16 Septemba

Nimerusha matufe sitini tena leo asubuhi. Bega linauma. Uwanja wetu wa petanki hapa Kasungami ni vumbi tupu msimu huu. Tufe la chuma likianguka linazama kidogo, linaruka mara moja, linalala. Napenda udongo wa namna hii. Unasamehe.

Shida ni timu ya Kampemba. Jumapili tulicheza kwao. Uwanja wao ni udongo mgumu, laini kama sakafu. Nilirusha kama ninavyorusha huku. Tufe likakipita kile kitufe cha mbao tunachoshindana kukikaribia, likaendelea tu, hadi kwenye miguu ya watazamaji. Watu walicheka. Tulifungwa 13–4.

Ijumaa, 19 Septemba

Kapteni wetu Ilunga amesema waziwazi, tena mbele ya Kasereka, mchezaji mwenzetu wa tatu. Marudiano ni hapa kwetu, tarehe 12 Oktoba. Nikiharibu tena, nafasi yangu anapewa shemeji yake. Akaniambia eti: "Haina mubaya, Papa Klarise. Ni jeu tu."

Mchezo tu! Nimestaafu karakana ya reli miaka mitatu sasa. Tangu hapo, uwanja ule ndio mahali pekee ambapo nikichelewa mtu anauliza niko wapi. Naogopa kuupoteza. Ndiyo, naogopa.

Jumatano, 24 Septemba

Nimepata dawa. Kokoto.

Watu wa Kampemba wanabingirisha. Matufe yao hayaachi ardhi. Kwenye kokoto, tufe linalobingirika limekwisha: linagonga jiwe, linageuka, linakwenda linakotaka lenyewe. Langu linashuka kutoka juu na kukaa. Na mwenyeji ana ruhusa ya kuandaa uwanja wake. Kasereka amecheka sana, akaniita mwizi wa mchana. Kisha akaniazima toroli.

Jumamosi, 4 Oktoba

Toroli kumi na saba. Mgongo umekufa. Uwanja umefunikwa wote.

Nimejaribu. Tufe laini linateleza juu ya mawe. Lenye mistari linashika. Kutupa juu kabisa, mpaka usawa wa paa: kati ya kumi na tano, kumi yamekaa karibu. Kubingirisha: hakuna hata moja.

Mke wangu alipita na ndoo, akatazama, akaguna. Uwanja uko mbele ya nyumba yetu, na yeye na majirani huufagia kila asubuhi. Wiki hii nimewakataza. Sikueleza kwa nini. Mambo ya petanki, watayaelewa wapi?

Jumapili, 12 Oktoba

Niandike kwa mpangilio.

Nilikwenda misa ya kwanza. Niliporudi, kokoto hakuna. Zimerundikwa zote kando ya njia. Uwanja umefagiwa hadi udongo mgumu, umenyunyiziwa maji, mwekundu, safi kama wa harusi. Mke wangu na mama watatu wa jirani wamesimama na fagio, wamevaa vitenge vipya, wanatabasamu. Mke wangu akasema:

"Bageni banakuya, Papa Klarise. Tubapokeye mu mabwe? Ile ni haya!"

Eti ni aibu kupokea wageni kwenye mawe! Nilimfokea. Maneno mabaya. Wageni walikuwa wanashuka garini, walisikia yote. Yeye akaenda zake na ufagio wake.

Basi tukacheza kwenye Kampemba nyingine, niliyotengenezewa na mke wangu. Tufe langu la kwanza lilipitiliza mita tatu. La pili lilibeba tope, likapinda. Wale wapinzani wetu walikuwa wanabingirisha kwa raha zao. Tukawa nyuma 9–2. Ilunga aliacha kuniangalia. Shemeji yake alikuwa amekaa pale pembeni, amevaa raba. Nilitaka kulia, mzee mzima.

Mke wangu akaja kuwapa wachezaji maji. Kwangu alikuja mwisho. Lakini alikuja. Akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama usoni:

"Miye nafagiaka hapa kila siku. Maji yote inakimbiliaka ku lupango ya Mama Shako. Boule, hii tufe yako, nayo itaenda kule. Tupa ku kushoto, uiache ishuke yenyewe."

Nilitazama. Kweli. Uwanja unateremka kulia, kwenye ua wa jirani yetu Mama Shako, kidogo sana. Miaka mitatu nachezea pale sijawahi kuona, kwa sababu vumbi linazuia kila kitu, na mimi natupa juu.

Nikafuta tufe kwa leso. Nikachuchumaa. Nikalibingirisha kushoto, polepole. Likaenda vibaya, watu wakaguna. Halafu likaanza kurudi kulia, taratibu, likagusa kitufe cha mbao, likakaa pale pale.

Lililofuata, hivyo hivyo. 9–5. 10–8. Jua lilipokausha udongo, tufe likaongeza mwendo, nikalegeza mkono. 11–11. Kapteni wao alianza kukagua ardhi kwa kidole.

Tumeshindwa 13–11. Kasereka alinikumbatia kana kwamba tumeshinda. Ilunga alikusanya matufe yake, akaondoka. Sijui kama bado nina nafasi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ilunga hajapita. Nyumbani mke wangu ameweka chai mezani, akaenda zake uani. Ana haki. Mimi ni mjinga.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemwomba msamaha. Si ndani ya nyumba. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo nilimfuata bombani, wale mama watatu wakiwepo na ndoo zao. Nikasema kwamba nilikosa, na kwamba pointi zile tisa zilikuwa zake. Nilitoka jasho kuliko siku ya mechi. Mama Shako alicheka mpaka akamwaga maji. Mke wangu akafunga kitenge vizuri, akasema: "Bon. Tumesikia." Jioni alinipikia bukari, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mvua ya kwanza leo alfajiri. Harufu nzuri ya udongo. Uwanja hauchezeki, madimbwi tu.

Ilunga amepita akiwa na karatasi ya majina ya mashindano ya Likasi. Yeye, Kasereka, mimi. Shemeji yake ni wa akiba. Alininyooshea karatasi, akazungumzia mvua.

Nilimsomea mke wangu. Alikuwa anachagua maharage. Hakuinua kichwa.

"Na kule Likasi, ni nani anafagiaka?"

Nimevaa buti, nimemfuata Ilunga njiani, kumwambia atafute nafasi moja zaidi garini.