Robo Sekunde Pale Matiri

Dodoma,
9 Novemba 2025

Kwa dada yangu mpendwa Ottilia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na shemeji Cleopa na watoto, na kwamba ule mgongo uliokusumbua tangu Pasaka sasa unakuruhusu kuinama na kuinuka bila shida. Mimi huku ni mzima wa mwili. Joto la Dodoma mwezi huu ni kali na mvua bado haijanyesha. Kila nikifungua dirisha asubuhi nautamani ule ukungu wa Matiri tuliokuwa tukiuchukia, tulipokwenda shule vidole vya miguu vikiwa vimekufa ganzi.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila wiki. Nimejaribu kukwambia jambo hili Jumapili tatu mfululizo, na kila mara nimeishia kukuuliza kama dagaa wetu wa ziwani, usipa, wanapatikana.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hapa chuoni ni nini hasa, nikakujibu juu juu kwamba ni mambo ya kompyuta. Ngoja nikueleze vizuri. Tunaifundisha kompyuta kuzitazama nyuso za watu kwenye video. Mtu akificha jambo moyoni, uso wake humponyoka kidogo. Nyusi hupanda upande wa ndani, au pembe za mdomo hushuka, kisha kila kitu hurudi mahali pake kabla aliye mbele yake hajaona. Mimi huikata video picha moja moja, nikaandika ni picha ipi uso ulipoanza kubadilika, ipi ulipofika kileleni, na ipi ulipotulia. Kompyuta hujifunza kutokana na alama zangu. Mkuu wetu, Dk. Baltazar, anataka siku moja isaidie hospitalini, maana wazee wetu ukiwauliza hali wanajibu hawajambo, kumbe maumivu yanawamaliza.

Shida ilikuwa kwamba programu ilijifunza kwa nyuso za watu wa mbali, na za kwetu ikawa inazikosea. Dk. Baltazar akatuomba kila mmoja alete video za nyumbani kwao, kwa ridhaa ya waliomo. Nilikuwa na ile diski ya jubilei ya ndoa ya baba na mama, aliyoipiga Zabron wa Mbinga mjini. Nikaipeleka. Ridhaa yako sikuiomba, dada. Hilo ni kosa la kwanza, nalo ndilo dogo.

Sikuwa nimeitazama tangu tumzike mama. Nilikaa nayo ofisini mchana mzima, kazi ikanishinda. Baba yupo na koti lake la kijivu lenye mikono mirefu kuliko mikono yake. Mama amekaa kwenye kiti cha parokia, kitenge cha bluu kimefunika ule mkono ambao kiharusi kiliuua mwezi Mei. Kwaya inaimba, na nyuma yao unaonekana mteremko wa ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia ya kwetu. Zabron alipitisha kamera hadi kwenye kahawa iliyoanikwa, nami nikaisikia puani ile harufu ya maganda yanayochacha, humu ndani, miaka kumi na mitano baadaye. Kuna mahali unacheka na shangazi Beata hadi unashika ubavu. Nilikuwa nimesahau kwamba ulikuwa ukicheka hivyo.

Halafu inafika saa ya baba kusema. Unakumbuka. Alishukuru, akamtaja Mungu, akamtaja mama, kisha akasema kwamba mama yetu Eunice sasa anahitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha, na watoto wao wawili wamepata shule wote kwa mpigo, Ottilia chuo cha ualimu na Benadetha kidato cha tano. Akauliza mbele ya ukoo mzima nani atabaki na mama. Mimi nilikuwa nimesimama kando yako na beseni la kunawia. Wewe ukainuka ukasema, “Nitabaki mimi, baba,” ukatabasamu, na akina mama wakapiga vigelegele.

Niliipitisha sehemu ile kwenye programu. Kamera ya Zabron ilikuwa ya kawaida, haina kasi kama zetu, hivyo yote yameingia katika picha sita tu, kama robo sekunde. Kabla hujatabasamu, nyusi zako zimepanda katikati na kidevu kimekaza. Programu ikaandika huzuni, asilimia themanini na moja. Nililia, nikidhani nimegundua jambo. Miaka yote hii ulituambia ulibaki kwa hiari, na kwamba ualimu hukuutaka sana. Nilipanga nikupigie nikuombe msamaha kwa kutokukuelewa.

Lakini programu haichagui uso. Huzitazama zote zilizomo kwenye picha. Nilipozirudia picha zile nikaona imezungushia mstari uso wa pili, wa msichana mwenye beseni. Katika picha zilezile sita, hata kabla ya vigelegele, mashavu yangu yamepanda na macho yamefinyika pembeni. Imeandika furaha, asilimia tisini na tatu.

Dk. Baltazar hutuonya kila siku kwamba mashine inaona nyama imesogea, haijui kwa nini. Ni kweli. Mimi ndiye ninayejua kwa nini, na sasa nakuandikia.

Siku moja kabla ya jubilei, baba aliniita kwenye vichanja tugeuze kahawa. Akaniambia kwamba nafasi yako ya chuo haitakusubiri, lakini mimi nilikuwa mdogo na naweza kuchelewa mwaka mmoja, kisha atamleta binti wa Kihagara, kwao mama, amtunze nami niende shule. Aliniuliza kama niko tayari. Nikamjibu ndiyo, baba. Alifurahi sana. Akasema kesho atauliza mbele ya ukoo nami nitasimama, ili wazee wanibariki kwa kazi hiyo. Ndiyo maana aliuliza vile, dada. Swali lile halikuwa lako. Kwenye video anaonekana wazi akinitazama mimi, anangoja, ananitazama tena. Mimi nayatazama maji ya beseni.

Ulisimama kwa kuwa ulidhani hakuna mwingine. Na baba hakunisema. Asubuhi niliyoondoka alinishika kichwa akaniambia nisome, basi. Alikwenda kaburini na siri yangu. Wewe ukabaki, si mwaka mmoja, ukabaki tisa. Ulimteremsha mama hadi Kihagara alipotaka kufa akiliona ziwa la kwao, ukamgeuza kitandani usiku na mchana, na nilipokuja kumzika nilikuta hana kidonda hata kimoja mgongoni. Mtaa mzima unakuita mwalimu kwa sababu ya wale watoto wa chekechea unaowafundisha kanisani bila cheti. Kila nikilisikia jina hilo nageukia pembeni.

Dk. Baltazar aliipenda sana sehemu ile. Alitaka kuionyesha kwenye mkutano wa watafiti. Nilimweleza kwamba sikuwa na ridhaa, nikaifuta kwenye kompyuta zote mbele yake, nikaomba radhi. Amenionya kwa maandishi, na anastahili. Diski yenyewe ninayo, ni yako.

Sikuandikii ili unifariji. Ninakujua, ungeweza kunipigia leo hii ukasema yameisha, ukanyamaza na machungu yako kama ulivyonyamaza siku ile. Naomba usifanye hivyo. Kaa na barua hii. Mweleze shemeji, ukitaka. Kasirika. Nimechukua likizo, nitashuka Mbamba Bay, karibu na kwenu, Jumamosi ya tarehe 13 Desemba kwa basi la kutoka Songea, na nitakaa stendi hadi saa kumi jioni. Ukija, niambie yote uliyokuwa nayo miaka hii kumi na mitano, nami sitakukatiza. Usipokuja, nitalala gesti na kugeuza kesho yake, na sitakuhesabia ubaya wowote.

Nisalimie shemeji Cleopa, na wanao, na jirani zetu wote wa Kihagara waliomsaidia mama. Ukipita makaburini, mwambie mama mwanawe Benadetha amesema.

Ni mimi mdogo wako,
niliyeulizwa kwanza,

Benadetha