Unga Ulioushusha Jikoni

Mume wangu, baba Nyemo,

Nakuandikia kwa mkono wa mwanao, maana mimi kalamu hainitii. Nyemo ameinama hapa, kila mara ananiuliza kama nimemaliza. Ni yule yule uliyemwacha hawezi hata kuinua shingo.

Unakumbuka ulivyojivunia ugali wangu wa uwele? Ulikuwa ukimega tonge, unaligeuza mbele ya rafiki zako, unasema, "Tazameni, huu haugandi mkononi kama matope." Lakini jikoni hukukanyaga. Ng'ombe uliwajua mmoja mmoja, chungu hukukijua. Nilikuwa nikikutania kwamba ukiachwa peke yako na gunia la unga utakufa njaa. Utani ule unanichoma mpaka leo.

Ikaja vita ya Wajerumani. Ng'ombe wakaswagwa kwenda boma la Dodoma, nafaka ikafuata, na asubuhi moja askari akasimama mlangoni kukuchukua uwe mpagazi. Ndipo ulipoingia jikoni kumuaga mtoto. Nyemo alikuwa mgonjwa, hamezi kitu kizito. Nilikuwa nimempikia uji mzito, nikautia kimea kidogo, zile punje za uwele nilizootesha, nikazianika na kuzisaga. Kimea hulegeza uji bila kuuongeza maji. Wewe ulichungulia wakati uji umeshalegea, unamiminika.

"Mama Nyemo, unamnywesha mwanangu maji?"

"Si maji, baba Nyemo. Unga umo wote, ni kimea tu..."

"Toka wewe!" askari akakufokea kutoka mlangoni.

Hukungoja nimalize. Ulishusha mfuko wa unga niliokufungia wa safari, ukauweka karibu na mafiga, ukatoka. Nilikukimbilia nao mpaka korongoni, askari akanirudisha kwa kitako cha bunduki. Uligeuka, ukanipungia mkono nirudi nao nyumbani.

Jirani uliyekwenda naye alirejea hapa kwetu Msalato peke yake. Alisema njaa ilikumaliza njiani, na kwamba mpaka mwisho ulikuwa ukisema, "Afadhali mtoto ana unga." Nililia sana. Tena nilikukasirikia, sikufichi. Miaka yote uliyokula mikononi mwangu, uliwezaje kudhani ningempunja mwanao? Hasira iliisha, huzuni ikakaa.

Unga wako niliupika. Uji wake niliukoroga mzito, nikautia kimea, na Nyemo akameza. Tuliutumia kidogo kidogo, na ulipokwisha alikuwa akikaa mwenyewe.

Sasa naye ana mtoto. Juzi mumewe alichungulia chungu, akakunja uso. Niliacha kupepeta, nikamshika mkono.

"Keti, mwanangu. Utazame tangu uji ungali mzito."

Aliketi, akaona kimea kikiingia, akaona mwiko ukianza kwenda wenyewe. Akaonja, akacheka, akasema kumbe ni utamu mtupu. Mimi nikatoka nje, sikutaka wanione nikilia.

Nakukumbuka, baba Nyemo. Nimekaa na neno hili muda mrefu kwa sababu sikuwa na wa kumwambia ila wewe. Popote ulipolala, lipokee: hayakuwa maji. Mwanao alikuwa anakula. Ungeweza kwenda na unga wako.

Mkeo,
Mama Nyemo