Sekunde Arobaini za Wasichana

Kibeta, Bukoba

Mdogo wangu Rutashobya,

Huku sote ni wazima, na mama ameacha kutembelea fimbo. Makala yako ya utafiti nimeisoma mara tatu. Umeandika kwamba wasichana wa timu ya mbio wakimaliza kukimbia kile kilima cha hapa Kibeta, mapigo ya moyo hutulia haraka kuliko ya wavulana. Kocha wao naye ameisoma, akawapunguzia wasichana mapumziko. Jumanne mmoja wao, Annastella, alizimia.

Kipimo cha mapigo nilikitengeneza mimi, kwenye meza yangu ya kukarabati redio, na mimi ndiye niliyewapima kule juu. Wavulana walinijia moja kwa moja. Wasichana walipiga magoti kwanza, wakawasalimia wazee waliokaa kwenye benchi, ndipo wakanifikia. Sekunde arobaini zilipita, mapigo yakishuka, nami niliziandika kwenye safu ya mwisho. Ukaniambia, "Dada, hayo ni ya nyumbani, sayansi haiyahitaji," ukaifuta.

Nimewapima upya wote thelathini, benchi likiwa tupu. Wasichana wastani mapigo 171 kwa dakika, wavulana 170. Karatasi hizi hapa.

Kocha nilimwonyesha, akacheka: "Mama Redio, nimsikilize daktari au wewe?"

Kuliacha jina langu nje ya makala nilivumilia. Hili hapana. Andikia jarida warekebishe kabla ya Ijumaa. Usipoandika, nitaandika mimi. Kwa sasa kila jioni nafunga duka mapema, napanda kilimani na kipimo changu. Msichana ambaye mapigo hayajashuka, simruhusu kukimbia tena, kocha apende asipende.

Dada yako,
Jovina