Karatasi za Mzee Wakui

Dada yangu Mitsue,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lake limepata nafuu tangu alipoteleza ngazini. Mimi sijambo. Baridi imeanza kushuka kutoka mlimani, na kwa kuwa dukani hakuna mteja wa kunisumbua, nimewasha jiko la mafuta nikakaa karibu nalo kukuandikia.

Nimepata salamu zako kwamba utakuja mwezi ujao kwa kumbukumbu ya mama, na kwamba nimwagize Mzee Wakui keki za maharage za kuwagawia jamaa wote. Siwezi kumwagiza, dada. Mzee Wakui amefunga duka lake la keki moja kwa moja.

Mtaa ukiuona utashangaa. Paa juu ya barabara bado lipo, na spika bado zinapiga wimbo ule ule asubuhi, lakini milango ya bati iliyoshushwa ni mingi kuliko iliyo wazi. Mimi nauza sare za shule katika mji ulioishiwa watoto, kwa hiyo hali yangu unaweza kuikisia. Hata hivyo kwenye mikutano ya wenye maduka, anayepiga kelele kuliko wote ni mimi. Nimewasema sana wanaokimbilia duka kubwa la barabara ya nje. Nimewaita wasaliti mbele ya watu.

Sasa naona haya hata kuendelea. Zile keki nilizokutumia sikukuu ya Bon, tulipowakumbuka wafu wetu, hazikuwa za Mzee Wakui. Nilizinunua duka kubwa la barabara ya nje, na za mwaka jana vilevile. Nilikwenda Jumatano, siku ambayo mtaa mzima hupumzika. Kule gari unaliegesha mlangoni, na keki zao hukaa muda mrefu bila kukauka. Niliporudi nikafungua droo ya mama, ile aliyowekea karatasi za zawadi baada ya kuzinyoosha kwa kiganja, nikatoa za Mzee Wakui zenye korongo wa buluu. Nikalifunga boksi upya kwa mikunjo ileile aliyotufundisha mama. Ukaniandikia kwamba mkono wa mzee haujabadilika, na kwamba ulipoonja ulilia. Nilisoma nikacheka peke yangu, nikajiona mjanja.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba na mzee mwenyewe ulimwandikia kadi ya shukrani.

Alikuja nayo dukani kwangu mwezi wa tisa. Alivua kofia, akanijulia hali, akaulizia biashara. Kisha akaweka mezani kadi yako, na kando yake furushi la kitambaa.

"Dada yako ananishukuru kwa keki za mwaka huu, Chizuru," akasema taratibu. "Mwaka huu sikuwasha jiko."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na rundo la karatasi za korongo, mpya, ambazo hazijakunjwa bado.

"Zimebaki nyingi. Kwangu hazina kazi tena. Kwako naona bado zinafaa."

Akainama kuniaga, chini kuliko nilivyoinama mimi, akavuka barabara kurudi kwake. Kesho yake alishusha mlango wa bati na kubandika tangazo la kuwashukuru wateja wa miaka yote.

Yaliyobaki nilisimuliwa na Bi Hamano wa duka la chai, ambaye hajui kuficha neno. Mzee alikuwa amesema kwamba keki za Bon atazipika iwapo oda zitajaza walau chungu kimoja, maana chini ya hapo anachemsha maharage ya kutupa. Ilipungua oda moja tu kubwa, ya nyumba yetu. Alitungoja mpaka siku ya mwisho, wala hakutaka kuja kuniuliza, asionekane anaombaomba.

"Wewe unaishi mkabala na jiko lake," Bi Hamano akanitania, "ikawaje hukuona kwamba mvuke hautoki? Au ulikuwa barabara ya nje?"

Nilicheka naye, dada. Sikuona kwa sababu nilikuwa nimeacha kutazama upande ule.

Zaidi ya mara moja nimefika mlango wake wa nyuma kuomba radhi, nikageuka. Unajua kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Huenda na boksi la keki, na mji huu wote boksi hilo ulilinunua kwa Mzee Wakui. Hata ulipovunja dirisha la jirani, baba alipitia kwake kwanza. Sasa mimi nimbebee nini? Za duka kubwa siwezi, na bila kitu ni kumtukana mara ya pili. Ukija naomba twende wote, kwa kuwa wewe huna deni kwake, unaweza kumtazama usoni. Ukikataa nitaelewa, maana na wewe nimekuchezea shere.

Msalimie shemeji, umwambie aache kupanda ngazi kama kijana. Safarini uvae nguo nzito. Karatasi zake nimezifungia katika droo ya mama, sijathubutu kukunja hata moja. Siku ya kumbukumbu, mbele ya picha ya mama nitaweka machungwa, matupu, bila kuyafunga kwa chochote.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na uso,
Chizuru